Ufa Mbele ya Mlango Wetu

Jumatano, 9 Machi 2061. Asubuhi ilikuwa na manyunyu na upepo wa baridi kutoka milimani.

Hapa mjini Same, mtu akifa, vyuma vyake husagwa vikawa nyuzi na kuchanganywa kwenye lami mbele ya nyumba yake. Baba alikuwa fundi baiskeli, na spana zake zote zimo humo. Lami ikipasuka, gari la sumaku hupita juu yake, nyuzi zikapata moto na ufa ukajifunga.

Leo gari lilikuja kwetu kwa mara ya saba. Lilipopita, mama alivua kandambili akasimama juu ya lami ya moto.

"Siku hizi baba yako anapoa haraka," aliniambia.

Fundi Mbwambo, mwendesha gari hilo, alikuwa ameona alama za patasi kabla ufa haujafungwa. Alinigeukia mimi.

"Dada Nakijwa, kuna mtu anaupasua. Ukifunguka tena, tunachimba lami yote na kuitupa."

Patasi ilikuwa chini ya godoro la mama. Alfajiri kadhaa nilimsikia akitoka, nami niliendelea kusali kana kwamba sijasikia. Mungu anisamehe.

Niliingia ndani, nikaileta mbele ya majirani waliokuja kutazama gari. Mama hakukasirika.

"Nimeupasua mara tatu tu," alisema.

"Mara nne nyingine je, bibi?" Mbwambo alicheka. "Panya?"

Hakuna aliyecheka naye. Mama alimkabidhi patasi, akainua mkono.

"Mungu na ninyi nyote ni mashahidi. Sitaufungua tena. Ila akiufungua yeye aliyelala humo, msiniulize mimi."