Mgeni wa Kila Masika

Siku hizi dalali haruhusiwi kumwambia mnunuzi jambo ambalo hakuuliza. Bangili ya mkononi inatusikiliza. Ukiropoka, unafungiwa kazi.

Tunu, mwalimu ambaye hajawahi kununua nyumba, aliuliza rangi ya jikoni tu.

"Basi nasaini, bibi."

"Ngoja kwanza. Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu huja kila masika, hulala sebuleni bila kupiga hodi, akiondoka huacha mstari ukutani."

Tunu alitazama ukuta uliopakwa rangi juzi. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, maji huingia humu?"

"Sasa umeuliza, mwanangu. Hufika kiunoni."

Bangili ikawaka nyekundu. Imeanza kuelewa vitendawili. Nikaifunika kwa kanga.

"Twende nyumba ya pili," nikamwambia. "Huko nitatega kigumu zaidi."