Nafasi ya Tiara

"Hata hatua moja," mwandishi alisema, akapiga mstari mwekundu juu ya maneno ambayo mwongozaji alikuwa ameyaongeza kwa penseli kwenye mswada wa tamthilia. "Pazia likifunguliwa yuko kitini. Likifungwa yuko kitini. Hasemi, hainuki."

Mwongozaji alikuna kidevu. "Mama, huyu ni Tiara. Watu watakuja wakitarajia kumwona akicheza. Tumpe japo dakika mbili za mwisho."

"Watamwona amekaa."

Siku hiyo mwandishi aliingoja miaka kumi na tisa. Zamani yeye na Tiara walikuwa wachezaji wa kikundi kimoja, na Tiara alipewa jina hilo kwa jinsi alivyokuwa mwepesi hewani kama kishada. Kulikuwa na mruko ambao mmoja anaruka na mwenzake anamdaka kiunoni, kwa zamu. Siku moja, mbele ya ukumbi uliojaa, Tiara hakudaka. Alikuwa amegeuza uso kuwachekea watazamaji wa mstari wa mbele. Goti la mwandishi lilivunjika vipande vitatu. Aliporudi mazoezini na magongo yake, Tiara alimtazama juu hadi chini, akasema, "Mleteeni kiti, jamani. Huyu sasa ni mtazamaji."

Kikundi kizima kilicheka. Kicheko kile ndicho kilichomshikisha kalamu. Tamthilia ya kwanza aliiandika kwa hasira, ya pili na ya tatu kwa hasira, na watu wakazipenda. Hii ya nne aliiandika kwa raha, amejikalia sebuleni, goti limekandwa maji ya moto: mama mmoja ameketi katikati ya jukwaa saa mbili nzima, wanawe wanamzunguka wakigombana na kucheza. Akaagiza nafasi ya mama apewe Tiara, wala si mwingine.

Alitaka kitu kimoja tu. Tiara aje kwake, kwa miguu yake mwenyewe, amwombe aruhusiwe kusimama. Jibu alikuwa nalo tayari, na lilikuwa fupi.

Tiara hakuja. Mkataba alipelekewa nyumbani, akatia saini siku ileile bila kuuliza neno.

Mazoezini ndiko alikomtia mwandishi wazimu. Kila asubuhi, hata angewahi vipi, mwandishi alimkuta Tiara keshaketi mahali pake, shali mapajani, mgongo umenyooka, binti yake kasimama pembeni na mkoba. Hakunyanyuka hata kumsalimu. "Karibu, mwandishi wetu," alisema palepale alipokaa, utadhani mwenye nyumba. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye aliletewa kikombe. Jioni waliondoka wote wakamwacha kitini, eti bado anaizoea nafasi.

"Malkia ni yuleyule," mwandishi alimnong'oneza mwongozaji. "Karibu ataletewa na maji ya kunawa."

"Lakini mtazame ile mikono, mama. Mtazame shingo."

Mwandishi hakuwa na haja ya kutazama shingo ya mtu.

Wiki ya mwisho uvumilivu ulimwishia. Alimwendea Tiara mbele ya waigizaji wote. "Haya, shoga. Mwongozaji anataka nikuongezee ngoma mwishoni. Ukiniomba vizuri, nitafikiria."

Tiara aliyakamata maegemeo ya kiti kwa mikono miwili.

"Usiongeze kitu," akasema haraka haraka. "Nakuomba, tafadhali. Acha ilivyo."

Mwandishi alitoka nje. Ombi alilolingoja miaka yote hiyo, huyu mwanamke alikuwa amelipindua ndani nje mbele za watu! Alimchukia upya, akasema moyoni kwamba watazamaji watamfundisha adabu.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri. Mwandishi alikaa mstari wa nyuma kabisa, masikio wazi, akisubiri watu waanze kuguna. Hawakuguna. Haikupita nusu saa wakawa wamewasahau kabisa wale vijana waliokuwa wakirukaruka, macho yote yako kwa mama. Mtoto wa mwisho alipoaga na kuondoka, mkono wa Tiara uliinuka polepole kutoka mapajani, ukasita, ukashuka. Basi. Bibi aliyekaa jirani na mwandishi alianza kulia kwa sauti. Mwandishi aliuma meno. Alikuwa amemchimbia mtu shimo, na mtu mwenyewe amelifanya baraza!

Tamthilia ilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama. Waigizaji walishikana mikono wakainama. Tiara alibaki kitini.

"Simama, Tiara!" watu waliita, wengine wakipiga miguu sakafuni. "Simama tukuone!"

Tiara aliweka mkono kifuani, akatabasamu. Hakujisogeza hata kidogo, mpaka pazia likafungwa.

Hapo mwandishi alifika mwisho. Yaani hata kuwainamia watu waliompigia makofi? Alijikokota na goti lake kwenye ujia wa pembeni, akawapita waigizaji waliokuwa wakikumbatiana mlangoni, huku ulimini ana kila neno alilolimeza tangu siku ya magongo. Leo angeyatema yote. Alilisukuma pazia kwa nguvu.

Binti alikuwa ameshika kwapa moja, fundi wa pazia ameshika la pili, wanamnyanyua Tiara kumhamishia kwenye kiti cha magurudumu. Miguu yake ilining'inia kama suruali iliyoanikwa. Alipomwona mwandishi alimnyooshea mkono, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Miezi minane sijasimama," akasema. "Niliwaficha wote isipokuwa hawa wawili, maana nani angenipa tena jukwaa? Mwenzangu, wewe ulijuaje?"