Safu ya Kulia Haitaki Kufa

Mtafiti alipiga magoti mbele ya miche ya nyanya akaisihi ife.

Si yote, jamani. Safu ya kulia tu. Ile ya kushoto alikuwa ameipa jeni ya ziada, inayofanya majani yatengeneze vimeng'enya kwa wingi. Chumvi ikizua sumu ndani ya jani, vimeng'enya vinaiwahi na kuizima. Ya kulia haikupewa kitu. Zote mbili zilinyweshwa maji ya chumvi, na ya kulia ilipaswa kuwa imenyauka zamani. Wapi! Ilinawiri kama bibi harusi.

Kesho yake kamati ilikuwa inakuja. Isipoona tofauti, utafiti unafungwa na banda linageuzwa maegesho ya magari.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, mwalimu mstaafu aliyejitolea kumtunzia banda mchana, "hivi hii safu unaiombea?"

"Naombea vyote vyenye uhai, mwanangu."

"Ya kulia usiiombee! Ikipona, mimi nimekwisha."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma. Masomo mengi nayo yana madhara yake.

"Pole, mwanangu. Nenda kapumzike. Wageni hawataona uchafu hapa nikiwa hai."

Mtafiti aliongeza chumvi kabla ya kuondoka. Alipofika asubuhi, safu ya kulia iling'aa kwa afya. Ya kushoto ndiyo ilipungukiwa matawi. Mama mkwe akasema ni panya. Mtafiti akaanza kuamini nguvu ya maombi, jambo lililomtisha kuliko kamati yenyewe.

Kamati ikaingia. Mwenyekiti akatazama kushoto, akatazama kulia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizi zina tofauti gani?"

Mtafiti alifungua mdomo, machozi yakatangulia. Kazi hii aliipenda mno, na sasa ilikuwa inamponyoka mbele ya macho yake.

"Basi," mwenyekiti akasema, "hapa tunafunga."

Mama mkwe akajitokeza mbele, mikono kiunoni.

"Mnamfungia kwa kosa gani? Kuna mche ulionyauka hapa? Ya kulia yote ilikufa kitambo! Niliing'oa kwa mikono yangu mwenyewe, nikachomeka matawi ya kushoto, ili mtoto wa watu asiumbuke mbele yenu!"