Skafu Kwenye Kamba

Kiptoo alipofika kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo lao, zamu ya jirani yake, mzee mmoja Mslovakia, ilikuwa bado haijaisha, lakini aliyekuwa akikunja nguo ni binti wa yule mzee.

"Baba tumemzika Jumanne," binti alisema.

Kiptoo akaweka kapu lake chini, polepole, kama lina mayai.

Tangu ahamie Hallunda, huku ughaibuni, alikuwa akijiwekea zamu inayofuata ile ya mzee ili wakutane pale wataniane. Mzee hakumpa hata nafasi ya kusalimia. "Wewe na Barcelona yako! Slovan Bratislava tuliwafunga tatu kwa mbili, mwaka sitini na tisa, fainali ya Kombe la Washindi!"

"Mzee wangu, hiyo uliiota ukiwa na homa," Kiptoo alikuwa akimjibu. Kila mara mzee aling'aka, kisha akacheka mpaka akashikilia mashine.

Kwenye kamba sasa ilining'inia skafu ya buluu ya Slovan. Pindoni mtu alikuwa ameshona kwa mkono, kwa uzi mweupe uliopinda: 3–2.

"Aliishona bibi yangu, mwaka uleule," binti alisema. "Baba alitaka nimpelekee hospitali. Alisema, kuna Mkenya haniamini, akija kunitazama nitamfunga mdomo."

Kiptoo alikuwa amepanga kwenda kumtazama hospitalini Jumapili, baada ya kanisa. Jumapili mbili zilikuwa zimepita.

Akalishika lile pindo. Lilikuwa bado bichi.

"Kwani hukumwamini kweli?"

"Nilitazama kwenye simu siku ileile ya kwanza," Kiptoo alisema. "Nilijua ni kweli."