Misumari ya Shingoni

Kigingi cha mlangoni kilikuwa kitupu. Arvid alipapasa tena, akainama akatazama sakafuni. Misumari yake miwili yenye vishikio vya mbao, ile anayoivaa shingoni kila akienda kuteleza juu ya ziwa lililoganda ili barafu ikikatika aichomeke ukingoni ajivute, haikuwepo.

"Twende bwana, hatuendi mbali!" Barbro alimwita kutoka uani. "Au hivyo vidude vya masikioni vimekuzidi uzito?"

Arvid akacheka, akatoka bila misumari. Kwa miaka arobaini hakuwahi kufanya upuuzi huo, ila aliona raha kuitwa na yeye.

Barbro alikuwa mjane wa Sixten, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ndiye aliyegundua, vuli iliyopita, kwamba birika linapiga mluzi na Arvid amekaa kando yake anasoma gazeti. Tangu hapo hakumpa nafasi ya kupumua: kapimwe masikio. Mwishowe alimpeleka kwa gari lake mwenyewe, akamsubiri nje.

Ndani, Malin mpimaji alimkalisha katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Kisha akamwonyesha mstari kwenye karatasi, ulioanza vizuri ukaporomoka.

"Sauti nene unazisikia, mzee wangu. Nyembamba ndizo zimekwenda. Miaka mitano, pengine zaidi. Ndege je?"

"Nilidhani wamehama."

Malin hakucheka. Alimvalisha vifaa vya kusikia masikioni, akamwonya avivae kila siku hata vikimchosha, na arudi baada ya wiki mbili.

"Wamesemaje?" Barbro aliuliza garini.

"Uzee tu, shemeji."

Aliona haya. Kijiji kizima humfuata yeye kwenye barafu ya ziwa Orrsjön kwa sababu ya masikio yake. Huigonga kwa fimbo ya chuma: ikinguruma nene, piteni, ikilia nyembamba, rudini. Mtu kama huyo ataanzia wapi kusema hasikii?

Siku Sixten alipozama, miaka mitatu iliyopita, barafu ilinguruma. Arvid aliapa hivyo mbele ya polisi na mbele ya jeneza. Watu walimwamini, ingawa wapo waliokumbuka kwamba ujanani yeye ndiye aliyemposa Barbro kwanza, akakataliwa.

Sasa Barbro aliteleza nyuma yake. Alikuwa ameomba jambo moja tu, apelekwe pale mto unapoingia ziwani, mahali mumewe alipozamia. Anga lilikuwa jeupe. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Gonga," alisema Barbro.

Arvid akagonga.

Mlio ulipanda kutoka chini ya miguu yake, mwembamba na mkali, kama kisu kinachokwaruza kioo. Alikuwa ameusahau.

"Rudi! Shemeji, rudi nyuma, hapa ni kifo!"

Barbro hakusogea. Alisimama kati yake na nchi kavu.

"Kwa hiyo unaujua mlio huo."

"Nani asiyeujua?"

"Hata mimi naujua. Sixten alinipigia simu akiwa hapa hapa, niweke kahawa motoni. Ukagonga, Arvid. Niliusikia nikiwa jikoni kwangu. Wewe ulikuwa kando yake."

Arvid akaitazama fimbo mkononi mwake.

"Ilinguruma," alisema. "Mimi nilisikia... Yule binti mpimaji kaniambia miaka mitano. Barbro, miaka mitano sauti nyembamba sizisikii!" Akapiga magoti palepale, akalia kama mtoto.

Barbro akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa misumari miwili yenye vishikio vya mbao.

"Vaa," akasema. "Tunarudi."