RAM Kiganjani

Nilikuwa nasugua meno ya RAM, ile kadi ya kumbukumbu ya kompyuta, kwa raba ya penseli, kama mafundi tunavyofanya laptop ya zamani ikikataa kuwaka, msimamizi wa shamba la maua aliponiambia anachotafuta ndani ya laptop yake.

"Fanya haraka, Rohan. Nataka orodha ya wafanyakazi. Majina na namba za nyumba."

"Leo? Na shamba limefungwa tangu vita vya kura vianze?"

"Nataka za wale wasio wa huku tu. Vijana wananingoja."

Nilichungulia nje ya duka langu. Walikuwa kama ishirini, wameshika mapanga. Nyuma yao moshi ulipanda upande wa Kamere, mtaa wanakoishi wafanyakazi wa maua.

Raba ilikuwa imeshafanya kazi yake. Meno yaling'aa kama dhahabu. Ningeirudisha ile RAM, mashine ingewaka papo hapo.

Niliificha kwenye kiganja cha kushoto. Nikafunika laptop, nikakaza skrubu zote kwa mkono mmoja, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Skrini ikabaki nyeusi.

"Imekufa, boss. Pole."

Hakuitazama skrini. Alikuwa anatazama ngumi yangu.

"Fungua mkono," akasema.