Wimbo Aliousifu Mashavu

Siku hizi mwandishi wa muziki akishachapisha habari za wimbo mpya, sheria inataka wimbo huo ufutwe kichwani mwake, asije akaanza kupendelea. Bendi ya Kitwana haikuwa na mtu wa kuiandika ila mkewe, Mashavu. Aliisifu albamu yao yote, na zaidi ule wimbo wa mwisho, ambao Kitwana alimtungia enzi za uchumba wao.

Jioni ile Kitwana alikuwa jikoni akimenya viazi, akajisahau, akauimba. Mashavu akaja akamwegemea mgongoni.

“Mtamu huo. Umemtungia nani?”

Kisu kikatulia mkononi.

“Wewe,” akasema. “Nimeutunga leo. Kaa nikuimbie.”

Mashavu akavuta kigoda, akamsikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza bendi ngeni.